Jinsi nilivyorudisha hamu ya kuchora

Kilichokuwa kikinikatisha tamaa ni jicho kukua haraka kuliko mkono. Ukianza kujifunza kuchora, jicho linatambua mapema kwamba kidole gumba kimekaa vibaya, ila mkono bado haujui kukirekebisha. Hapo ndipo wengi huweka penseli chini, na mimi nilikaribia.

Kilichonisaidia ni kubadilisha ninachokipima. Niliacha kujiuliza kama mchoro umependeza, nikaanza kujiwekea swali moja tu kwa kila karatasi. Mfano mzuri ni hili: ule uwazi ulio kati ya mkono wa kikombe na kikombe chenyewe una umbo gani? Siuchori mkono wa kikombe. Nachora umbo la uwazi, kana kwamba nao ni kitu. Mara nyingi mkono unajitokeza wenyewe, tena kwa upana sahihi kuliko nilipokuwa nikiukodolea macho. Raha yake, jamani, haielezeki!

Nikiwa nimechoka, nachora watu kwa mistari ya haraka, sekunde 30 kila mkao, kwa penseli laini ya 4B na bila kifutio. Muda ni mfupi mno kuhangaikia sura, kwa hiyo hofu haipati nafasi.

Kila mchoro nauandikia tarehe, hata ulioharibika. Hili ndilo ninalolisisitiza zaidi: usichane kitu. Kujilinganisha na mabingwa kulinivunja moyo. Kulinganisha vidole nilivyochora zamani na vya sasa ndiko kunakonirudisha mezani. Sasa nimeingia kwenye vivuli.