Tafakari ya Ijumaa: Wengi Katika Washirika

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu wa Mtwara na Mikindani, na jamaa zetu wa Lindi mnaosoma nasi kila Ijumaa.

Wiki hii tupo kwenye Sura Sad, aya ya 21 mpaka ya 26. Watu wawili walipanda ukuta wa mihrabu wakamwingilia Nabii Daud, amani iwe juu yake, naye akashtuka. Wakamwambia asiogope, wana ugomvi wao, wamekuja wahukumiwe kwa haki. Mmoja akatangulia kusema: huyu ndugu yangu ana kondoo tisini na tisa, mimi ninaye mmoja tu, na huyo mmoja naye anamtaka, "na amenishinda kwa maneno." Papo hapo Daud akajibu: hakika amekudhulumu. Kisha akasema neno ambalo sijaacha kulifikiri tangu Jumatatu: na hakika wengi katika washirika hudhulumiana, isipokuwa walioamini na wakatenda mema, na hao ni wachache.

Hapo akatambua kuwa alikuwa mtihanini. Akaanguka kusujudu, akaomba msamaha.

Aombe msamaha wa nini mtu aliyesimama na mnyonge? Wafasiri wana maneno mengi mahali hapa, na vipo visa vilivyoingia kutoka kwa Bani Israil ambavyo mimi sivisimulii darasani, maana havimstahiki Nabii. Kauli ninayoiona imenyooka ni ya wale waliosema alihukumu kabla mwenye kondoo tisini na tisa hajafungua mdomo. Someni tena aya hizo nyumbani. Tunaijua idadi ya kondoo wake, lakini jibu lake hatulisikii kabisa. Na maneno ya Daud kuhusu washirika yalikuwa ya kweli, Allah ameyaweka kwenye Qur'ani tunayasoma mpaka leo. Ina maana mtu anaweza kusema neno la kweli kuhusu watu kwa jumla, na bado akawa hajamtendea haki huyu mmoja aliyesimama mbele yake.

Nimechagua aya hizi kwa sababu kijana mmoja wa darsa letu, mpenzi mkubwa wa gemu, aliniletea swali. Alikuwa amesoma habari za Nolan Bushnell, Mmarekani ambaye wengi humwita baba wa michezo ya video, akataka nimwambie: ustadhi, huyu aliwadhulumu wenzake au amesingiziwa? Nilimwomba muda nisome. Haya ndiyo niliyoyapata, na nitayaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu mambo yake yanafanana sana na yetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bushnell alikuwa akifanya kazi kampuni ya Ampex huko California, pamoja na fundi mkubwa kwake kiumri aitwaye Ted Dabney. Wakashirikiana. Kila mmoja akatoa dola 250. Mwaka 1971 gemu lao la kwanza, Computer Space, likatoka likitengenezwa na kampuni nyingine, na mwaka 1972 wakaanzisha kampuni ya Atari. Kijana waliyemwajiri, Al Alcorn, akatengeneza Pong, lile gemu la vijiti viwili na nukta inayorukaruka kama mpira. Mwaka 1976 Atari ikauzwa kwa kampuni ya Warner kwa dola milioni 28. Dabney hakuwemo tena. Alikuwa ameshaondoka tangu 1973.

Hapo ndipo simulizi zinapogawanyika. Kwa miaka mingi kilichosikika zaidi ni masimulizi ya Bushnell, mtu mwenye ulimi mtamu, na humo Dabney alikuwa mshirika ambaye kampuni ilipokua hakuweza kwenda na kasi yake. Dabney alikuwa amenyamaza. Alipokuja kuhojiwa uzeeni alieleza mengine. Alisema sakiti iliyowezesha nukta kutembea kwenye kioo cha televisheni bila kompyuta aliibuni yeye, lakini hati ya serikali ya kulinda ubunifu huo ikatoka kwa jina la Bushnell peke yake. Alisema aliwekwa kando kwenye vikao, na kwamba alibanwa mpaka akauza sehemu yake. Hata chumba cha kwanza cha kazi wana ugomvi nacho. Bushnell amesimulia kwamba alimhamisha binti yake ili chumba kiwe karakana. Dabney akasema chumba kile kilikuwa cha binti yake yeye.

Ugomvi wa chumba cha mtoto unaonekana mdogo. Lakini mnaowajua watu waliowahi kuchuma pamoja mnajua kwamba mwisho wa yote kidonda kinabaki kwenye jambo la namna hiyo. Pesa mtu anaweza kusamehe. Kusikia nyumba yako inasimuliwa kuwa ya mwenzako, hilo linauma kwa namna nyingine.

Kwa hiyo nimwambie nini kijana wangu? Yule aliyesikika kwanza alisikika miaka mingi peke yake, na wahenga walisema msema pweke hakosi. Lakini kumgeukia Dabney sasa, kwa kuwa ndiye mwenye kondoo mmoja, na kumpa ushindi kwa huruma tu, huko ndiko alikoteleza Daud. Hati ipo, ina jina moja, hilo halina ubishi. Nani alibuni nini usiku ule kwenye chumba kile, mimi na wewe hatukuwepo. Wanahistoria wa mambo hayo wanaendelea kupekua karatasi, tuwaachie kazi yao.

Na kuna jambo la pili. Januari 2018 waandaaji wa mkutano mkubwa wa watengeneza gemu huko San Francisco walitangaza kumpa Bushnell tuzo ya heshima. Wakatokea waliosema hapana, wakitaja masimulizi ya zamani, mengine ya Bushnell mwenyewe, ya namna Atari ya miaka ya 1970 ilivyoendeshwa na namna wanawake walivyochukuliwa pale. Siku ya pili yake tuzo ikaondolewa. Bushnell hakubisha. Alitoa taarifa akiunga mkono uamuzi ule, akaomba radhi kwa yeyote aliyeumizwa. Baadaye baadhi ya wanawake waliofanya kazi pale enzi hizo wakajitokeza kumtetea, wakalalamika kwamba mambo yao yameamuliwa bila wao kuulizwa.

Naomba nieleweke vizuri hapa, hasa na dada zetu. Sisemi mwanamke anayelalamikia bosi wake aambiwe kwanza alete ushahidi ndipo asikilizwe. Asikilizwe mara moja, na akingwe. Wapo wengi, hapa hapa kwetu, waliokaa kimya kwa kuogopa kupoteza kibarua, na ukimya wao mbele ya Allah unapiga kelele. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipomtuma swahaba wake Muadh Yemen alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia baina yake na Allah. Ninachosema ni kwamba kusikiliza ni jambo moja na kuhukumu ni jambo la pili. Alipomtuma Ali huko huko Yemen akawe kadhi, alimwambia wakikaa mbele yako wagombanao wawili, usihukumu mpaka umsikie wa pili kama ulivyomsikia wa kwanza. Nasihi zote mbili ni za Mtume mmoja, na kila moja ina wakati wake.

Niliwahi kuliona hili kwa macho, msikitini, baada ya isha. Watu wawili walishirikiana uvuvi. Mmoja mwenye boti, wa pili mwenye mashine na nyavu. Mwenye nyavu alikuja kwa imamu analia kweli kweli, akisema mwenzake anakula mauzo na kumwachia hesabu za petroli. Sote tuliokuwepo tulishamhukumu yule mwingine mioyoni, maana tulimjua kwa ukali wake. Imamu akamwambia arudi kesho, aje na mwenzake. Kesho yake mwenye boti alikuja na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa maji ya chumvi, imamu akawa anazibandua moja moja kwa ukucha. Hesabu za petroli zilikuwepo zote, kwa penseli, kila safari. Ila kulikuwa na mauzo ya usiku kadhaa hayakuandikwa, na mwenye boti alipoulizwa akainama. Kwa hiyo aliyelia alikosea nusu, na tuliyemdhania mwizi alikuwa mkweli nusu. Walisuluhishwa kwa yale yaliyoandikwa, na yale yasiyoandikwa yakabaki kwenye viapo vyao.

Kuna hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume aliwauliza maswahaba wanamjua nani aliyefilisika. Wakamtaja asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia aliyefilisika katika umma wangu ni atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini amekuja amemtukana huyu, amemsingizia huyu, amekula mali ya huyu. Basi mema yake yatagawiwa kwao mpaka yaishe. Tazameni alivyowapanga. Anayekula mali ya mwenzake na anayemsingizia mwenzake wamewekwa kwenye sentensi moja. Mshirika mdhulumu na sisi tunaosambaza ujumbe wa simu bila kuuchunguza tunadaiwa kwenye mizani ile ile. Na anayesambaza ana hatari zaidi kwa namna moja: mshirika anadaiwa na watu anaowajua kwa majina, anayesambaza anadaiwa na mtu wa California ambaye hatakutana naye kumwomba radhi.

Sasa tugeukie upande wa mshirika, maana isije ikawa tumefundishana kunyamaza tu. Sura Aal Imran aya ya 188 inawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Steve Jobs, kabla hajawa Steve Jobs wa Apple tunayemjua, alipewa na Atari kazi ya kutengeneza gemu la Breakout, akamwita rafiki yake Steve Wozniak, naye akaimaliza kazi kwa siku nne bila kulala vizuri. Wozniak amesimulia kwamba alipewa dola 350 akiambiwa ni nusu, na baada ya miaka akagundua kulikuwa na bonasi ya maelfu ambayo hakuelezwa. Jobs alikana. Wozniak alisema angemwambia tu kuwa ana shida ya pesa angempa zote. Hilo nalo sihukumu, ila natamani kila mshirika mwenye moyo wa namna ya Wozniak awe na mwenzake anayestahili moyo huo.

Kwetu msimu wa korosho unakuja, na ndiyo maana nimeandika kwa moyo mzito. Mmoja ana mikorosho, mwingine anafanya palizi na kupuliza salfa, wanakubaliana kwa mdomo watagawana baada ya mnada. Lakini jina lililosajiliwa chama cha msingi ni moja, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya jina hilo. Mwenye jina si lazima awe mwovu. Anaanza kwa kuchelewa kidogo kumwambia mwenzake, kisha anakata ada ya shule kwanza, kisha anaanza kusimulia mwaka ule kana kwamba alikuwa peke yake shambani. Ndiyo ile hati ya jina moja. Imepokewa na Abu Daud, ingawa wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwamba Allah ni wa tatu wa washirika wawili maadamu mmoja hajamhini mwenzake, na akimhini, anatoka baina yao.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana. Haikuteremka kwa sababu waumini wote ni wezi. Watu husahau, na kila mmoja husahau kwa upande unaompendeza. Ralph Baer, aliyebuni mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani iliyouzwa na Magnavox, alipodai kwamba Bushnell aliliona gemu lake la mpira wa meza kabla ya Pong kutengenezwa, kulikuwa na kitabu cha wageni cha maonyesho ya Mei 1972 chenye jina la Bushnell. Ubishi wa kama aliiga au hakuiga ukaendelea, lakini ule wa kama alifika ukaisha. Kesi ambayo Magnavox iliishtaki Atari nayo ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, Atari ikakubali kulipa leseni.

Dabney alifariki Mei 2018, akiwa na miaka 81. Bushnell alimwomboleza hadharani, akamwita mshirika wake, mwanzilishi mwenza na rafiki. Nilimsomea kijana wangu maneno hayo akanyamaza, kisha akauliza kama yanatosha. Nilimwambia hilo ni swali la Dabney kulijibu, na atapewa nafasi.

Jumamosi baada ya alasiri tutasoma aya ya 282 neno kwa neno. Mwenye mshirika wa shamba, boti au duka aje naye, na waje na daftari na kalamu. Mashahidi watakuwepo msikitini, na wasiojua kuandika tutawaandikia.