Shemeji na popo

Shemeji yangu ni mtu mpole. Nalisema hili mapema kwa sababu atakayesoma yanayofuata anaweza kudhani vingine. Hapandishi sauti, hagombani na mtu barabarani, na mbu akimuuma humpungia mkono tu aende. Lakini usiku ule popo alipoingia sebuleni, alishika ufagio kwa mikono miwili na sikumtambua.

Wakati huo nilikuwa naishi kwao, kwa dada yangu na mumewe, huku nikifanya mafunzo ya vitendo kwa daktari mmoja wa mifugo. Mvua ilikuwa imeacha jioni. Kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi wakaizunguka taa ya barazani, na tangu giza liingie popo walikuwa wakipita na kurudi pale mlangoni kuwadaka. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Mmoja wao, nadhani, alimfuata mdudu akapitiliza hadi ndani.

Mwanzo wake sikuuona, nilikuwa jikoni. Nilisikia kiti kinaanguka, dada anapiga ukelele, na shemeji anamwamuru ainame. Nilipotokea, popo alikuwa anazunguka chumba bila kutua. Akikaribia ukuta anapanda juu, akifika katikati ya chumba anashuka hadi usawa wa nyuso zetu. Kila aliposhuka shemeji alirusha ufagio, na kila mara alipiga hewa, au taa, au mara moja bega la mkewe. Juu ya yote hayo pangaboi lilikuwa linazunguka kwa kasi ya mwisho.

Nilikimbilia swichi nikalizima. Popo ana uwezo wa kukwepa hata waya mwembamba gizani kwa kutoa sauti kali tusizozisikia na kupima mwangwi wake, lakini waya umetulia mahali pake. Panga la feni halimpi nafasi ya kusikiliza mara mbili.

"Mbona anatufuata?" dada aliuliza. Alikuwa amejifunika kichwa kwa mto wa kochi.

Hakuwa anatufuata. Mnyama huyo alikuwa anatafuta pa kutokea, na ndivyo popo wengi wanavyoruka wakiwa ndani ya chumba: hupanda karibu na ukuta ili wageuke, kisha hushuka wakikata katikati. Anayesimama katikati hujiona ameshambuliwa. Tulipojibana ukutani sote watatu, popo aliendelea na mizunguko yake ileile, ila sasa haikuwa inatuhusu.

Nikampigia simu daktari. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulala.

"Popo? Wa ukubwa gani?"

"Anaenea kiganjani, Daktari."

"Usimtie kiganjani."

Hakunisalimu hata, na alikuwa mtu wa salamu ndefu. Aliuliza madirisha yakoje. Nikamwambia yote yana wavu wa mbu uliopigiliwa, hivyo njia ni mlango tu. Akaniagiza nifunge milango ya vyumba vyote, nifungue ule wa nje hadi mwisho, nizime taa za ndani na pia ile ya barazani, kwa sababu mwanga mkali mlangoni ungemfanya asite kuupita.

"Halafu?"

"Halafu msifanye kitu."

Kutofanya kitu ndiko kulikomshinda shemeji. Mtu akishaanza vita ni vigumu kumwambia akae gizani amsikilize adui anapita. Alikaa, lakini ufagio hakuuacha. Tulimsikia popo akipita juu yetu, kisha mara chache, kisha kimya, na hakuna aliyejua kama ametoka au amechoka. Dada akawasha tochi ya simu akaielekeza chini ili isimpige moja kwa moja, akaipandisha polepole. Tulimkuta kwenye pazia, amejibana katika kunjo la kitambaa, anahema.

Ndipo nilipomwona vizuri. Midomo ilikuwa na makunyanzi, masikio mapana yamelalia mbele, mabawa marefu membamba yamekunjwa ubavuni, na mkia umechomoza nje ya ngozi inayounganisha miguu. Nilipoueleza mkia ule, daktari alimtambua jamaa yake papo hapo. Ni wale wanaolala kwenye nyufa na chini ya paa. Mabawa yao yameumbwa kwa mwendo wa kasi angani, si kwa kunyanyuka kutoka sakafuni, na wengi wao wakianguka chini hubaki wanatambaa hadi wapate kitu cha kupanda. "Kwa hiyo ukimtoa," alisema, "usimweke chini hata kidogo."

Tulikuwa na boksi la viatu na kalenda ya ukutani ya mwaka uliokwisha, ambayo karatasi yake ngumu ilifaa. Dada, aliyekuwa anajificha chini ya mto muda si mrefu, ndiye aliyevaa glovu nene za bustanini akapeleka mkono nyuma ya pazia kulishikilia lisirudi nyuma. Mimi nikamfunika popo kwa boksi kutoka mbele, taratibu, nikapitisha kalenda kati ya kitambaa na ukingo wa boksi. Alilalamika kwa mlio mkavu, tukasikia kucha zake zikikwangua karatasi. Basi. Kazi ambayo ufagio uliishindwa iliisha kabla hatujapata muda wa kuiogopa.

Daktari alikuwa bado kwenye simu. "Kuna mtu ameguswa? Kuna aliyekuwa amelala?"

La pili lilikuwa rahisi. Mtoto alilala chumba cha nyuma, mlango umefungwa tangu mapema. Dada alikwenda hata hivyo akakagua chandarua pande zote, kikawa kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Daktari alisisitiza hilo kwa sababu meno ya popo ni madogo na membamba, na mtu aliyelala anaweza kuumwa asiamke, wala asubuhi asione alama.

La kwanza ndilo lililotunyamazisha. Shemeji alikuwa anautazama mkono wake. Karibu na kifundo kulikuwa na mkwaruzo mwembamba uliotoa damu kidogo.

"Ni njiti za ufagio," alisema.

"Una hakika?" daktari aliuliza. Nilikuwa nimeweka sauti ya simu juu.

Shemeji hakuwa na hakika.

Hapo daktari aliamka kabisa. Akamwamuru aende bombani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na akairudia hiyo 15 kwa kuitafuna. Binadamu wengi mno wanaopata kichaa cha mbwa hupata kwa mbwa, hadi asilimia 99 kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na popo wengi hawana ugonjwa wowote wa kumpa mtu. Lakini wapo wanaobeba virusi hivyo au ndugu zake, na ugonjwa wenyewe haukubali kubahatisha: dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa; chanjo ikiwahi kabla ya dalili, hupona. Mkwaruzo usiojulikana umetoka wapi unahesabiwa kuwa wa popo.

Kwa hiyo ikawa hivi: shemeji jikoni mkono chini ya bomba, dada pembeni anatazama saa, mimi nimesimama na boksi linalotikisika.

"Basi huyo auawe, apimwe," shemeji alisema. Hakusema kwa hasira. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, nami sikuwa na jibu.

Daktari alikuwa nalo. Kipimo hufanywa kwenye ubongo, kwa hiyo ndiyo, mnyama lazima afe. Na kama kungekuwa na maabara tunayoweza kuifikia, inayotoa jibu la haraka, asingesita: angetuambia tufunge boksi kwa kamba, popo akiwa mzima na kichwa chake salama, tumpeleke asubuhi. Huruma yake haikuwa ya kumtanguliza popo mbele ya mtu. Ila maabara hiyo hatukuwa nayo, na chanjo ingeanza kesho bila kungoja majibu ya mtu yeyote.

"Popo huyo akifa usiku huu," alisema, "hatakupunguzia sindano hata moja."

Shemeji aligeuka kutoka bombani. "Yaani mimi nichomwe, yeye aende zake?"

"Ndiyo, shemeji," nikamjibu, kwa kuwa daktari alikuwa ameshakata simu.

Nimekutana baadaye na watu wengi wanaopenda wanyama na wengi wasiowapenda, na mara nyingi hubishana juu ya mapenzi. Daktari yule hakugusa mapenzi. Aliuliza kifo hiki kitaleta faida gani, akaona hakileti, akarudi kulala.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wenye gome la kukwaruza. Niliegemeza ngazi fupi, nikalilaza boksi ubavu dhidi ya shina, juu kuliko kichwa changu, kisha nikaivuta kalenda. Kwa muda hakutoka. Dada alimulika pembeni, nami nikawaza labda ufagio ulimfikia baada ya yote. Kisha kidole gumba cha bawa, chenye kucha, kikashika gome. Akajivuta nje, akapanda kwa kutambaa, huku mwili wake unatetemeka wote. Nilidhani ni hofu. Daktari alinieleza kesho yake kwamba popo aliyepoa hutetemesha misuli ajipashe joto kabla ya kuruka, kwa hiyo pengine ilikuwa ni maandalizi. Alipofika juu ya tawi la kwanza alijiachia. Alianguka kweli, mabawa yamefungwa, dada akashika mdomo. Karibu na ardhi mabawa yakafunguka, akapita kati yetu akaenda.

Shemeji alitoka mkono unachuruzika maji. "Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Hata asante hakusema."

Hospitali nitaipita haraka. Nesi alimuuliza ameumwa na nini, akajibu, "Labda ufagio," na ikabidi aeleze upya toka mwanzo mbele ya foleni. Alichomwa, akapewa tarehe za kurudi, akarudi zote. Hatujajua hadi leo kama ulikuwa mkwaruzo wa njiti au wa kucha.

Kilichonishangaza ni kilichokuja baadaye. Mtu niliyetarajia angewachukia popo maisha yake yote alianza kutazama juu. Ndiye aliyegundua vinyesi vidogo vyeusi chini ya ukuta wa mashariki. Nilimwonyesha jinsi ya kuvitofautisha na vya panya: vya popo mla wadudu, ukivisaga kwa kijiti, huvunjika vumbi lenye vipande vinavyometa vya mabawa ya wadudu, na vya panya hukaa vigumu. Nilimwambia pia avilowanishe kabla ya kufagia na afunike pua na mdomo, maana vumbi lake linaweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu. Juu ya vinyesi vile, paa lilipokutana na ukuta, kulikuwa na upenyo mwembamba wa kuingia kidole. Popo hahitaji zaidi ya hapo.

Akaitwa fundi. Fundi alifika mchana na saruji yake, tayari kuziba. Shemeji, aliyekuwa amempigia daktari bila kuniambia, akamzuia. Ukiziba mchana unawafungia ndani. Ukiziba usiku wakiwa wametoka kuwinda, unaweza kufungia watoto, kwa sababu popo wadogo wasiojua kuruka huachwa darini mama zao wakienda kutafuta. Alipanda ngazi jioni ile, akasubiri wakubwa watoke, akategesha sikio penye upenyo. Alishuka akasema kuna milio. Fundi akaambiwa arudi wiki kadhaa baadaye. Hakufurahi, nami namwelewa: alikuwa amekodi usafiri.

Milio ilipoisha, tulining'iniza wavu mbele ya upenyo, umebanwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini. Popo akitoka hujisukuma kwenda chini akapita. Akirudi hutua pale alipozoea kuingilia na kukuta wavu. Shemeji alikaa uani kila magharibi akiwahesabu wanaotoka na kuandika kwenye daftari, hadi zikapita jioni kadhaa bila kuandika kitu. Fundi akaitwa tena. Kabla hajapaka saruji ya mwisho, shemeji alimsimamisha, akapanda mwenyewe, akamulika ndani kwa tochi kila pembe, akashuka.

"Ziba," alisema.

Fundi alinivuta pembeni akaniuliza kama mzee huyu ni bwana wanyamapori. Nikamwambia hapana, ni mhasibu.