Mvi za John

Wifi amejifungua mapacha, mtihani wa moko umekwisha na karatasi za kusahihisha zimejaa meza nzima, lakini kinachoninyima usingizi wiki hii ni maneno mawili matatu ya Baba Asha.

Juzi usiku nilikuwa namsomea shairi la Robert Burns, yule mshairi Mskoti niliyewachosha naye mwezi uliopita. Bibi anamwambia mumewe, John Anderson: tulipojuana nywele zako zilikuwa nyeusi za kunguru, paji laini, sasa upara umeingia, nywele zimekuwa theluji, na kichwa hicho kibarikiwe. Tulipanda kilima pamoja, sasa tunateremka tukijikongoja, mkono kwa mkono, na kule chini tutalala pamoja. Beti mbili tu. Machozi yananilengalenga. Baba Asha akaweka rimoti chini.

"Huyo bibi mjanja. Za mzee kazihesabu zote. Zake je?"

"Zake zipi?"

"Mvi, Mama Asha."

Akarudi kwenye taarifa ya habari.

Habari za piko langu, rangi nyeusi ninayofichia mvi, mnazijua. Sasa alikuwa anamsema bibi wa Uskoti au wa hapa? Na kwa nini aseme "Mama Asha" kwa sauti ile, kana kwamba anaomba chumvi? Nimeirudia jikoni, nimeirudia ndani ya daladala mpaka nikapitiliza kituo. Mvi, Mama Asha. Hivi alitabasamu?

Nikarudi kwenye shairi kumtafutia bibi utetezi. Lilichapwa 1790, Burns akiwa kijana wa miaka kama 30, na hakuanzia patupu. Palikuwa na wimbo wa zamani wa John Anderson huyohuyo, wa kihuni, mke akimsimanga mumewe kwamba kitandani hafai tena. Burns akamwacha mke aendelee kusema, ila akamnyang'anya masimango akampa baraka. Kumkagua mzee ni kazi aliyoirithi, basi. John ndiye hapewi hata neno. Labda za bibi zilikuwa zamu yake kuzihesabu.

Mwaka mmoja kabla, kule London, mshairi William Blake naye alikuwa na John wake mwenye mvi, kakaa chini ya mwaloni na wazee wenzake, anacheka, watoto wanacheza mbele yao, na wazee wanakumbushana kwamba nao walikuwa hivyo. Zamani nilimpenda huyo zaidi. Siku hizi namwona mpweke kidogo: kazungukwa na utoto wa watu, lakini hakuna anayekikumbuka kichwa chake kilipokuwa cheusi.

Nilipofika kwa Jean Armour, mke wa Burns, hasira zote zikaniishia. Mumewe alifariki 1796 akiwa na miaka 37, bado hajafika umri wa huyo John. Siku ya mazishi, Jean alikuwa anajifungua mtoto wa kiume. Akaishi mpaka 1834, miaka 38 ya kuteremka bila mkono wa kushika. Katika ahadi za wimbo ule, ya mwisho ndiyo iliyotimia: amezikwa naye mjini Dumfries, Uskoti.

Nikamtazama Baba Asha kalala mdomo wazi, upara unang'aa. Aseme tu.

Piko nimenunua lakini.

Fundi wa bati naye amechukua advansi tangu Ijumaa, simu haipatikani, na leo alasiri mawingu yamejikusanya upande wa baharini. Chumba cha Asha ndicho kinachovuja zaidi.