Sayyid alikula

Harusi ya mdogo wake madamu imepita salama na wageni wamerudi Beirut, ila moyo wangu bado uko kwenye meza ya Jumapili.

Mimi ni mfanyakazi wa ndani wa madamu, na mnajua sahani yangu huwekwa jikoni, si mezani. Jumapili Teta, bibi mzee wa nyumba hii, aliniambia niketi nile naye. Madamu akasema, "Sahani yake iko jikoni." Teta akanyoosha kidole kwenye picha ya Imam Musa Sadr ukutani, kiongozi wa Washia wa Lebanon, ambaye huku huitwa Sayyid. "Sayyid alikula. Wewe nani?" Halafu akanisogezea sahani yake mwenyewe.

Hapa Sour, kusini mwa Lebanon, kisa hicho kila mtu anacho. Sayyid alikuja mwaka 1959 kutoka Iran, mzaliwa wa Qom. Mjini palikuwa na Mkristo muuza aiskrimu aliyekimbiwa na wateja, Waislamu wakiambiwa chakula chake ni najisi. Ijumaa moja baada ya swala Sayyid akaenda na watu wake mpaka dukani kwake, akala hadharani. Teta hunihadithia kila ninapomchana nywele, lakini kumtetea Mkristo wa Taita kama mimi kwa kisa hicho, hilo sikulitarajia. "Wewe nani?" Nafua nayo, napiga pasi nayo.

Mwaka 1974 Sayyid alianzisha Harakati ya Wanyonge, kwa ajili ya wakulima wa tumbaku wa huku Kusini na vijiji visivyo na maji wala shule. Hapo nampenda kabisa. Kisha 1975, vita vimeshaanza, likajitokeza kundi lake lenye silaha, Amal. Juni mwaka huohuo akagoma kula ndani ya msikiti Beirut akidai vita vikome, akaukatiza mgomo kwenda kuwanusuru Wakristo wa kijiji cha al-Qaa waliozingirwa. Nilimuuliza Teta, bunduki na mgomo vilikaaje kwa mtu mmoja?

"Akirudi, muulize."

Agosti 1978 Sayyid alikwenda Libya na wenzake wawili, hawakuonekana tena. Alizaliwa 1928. Jibu hilo la Teta limeipunguza furaha yangu yote, kwa sababu Teta mwenyewe sasa anapumua kwa shida akipanda ngazi, na nyumba hii haina mwingine wa kunisemea.

Tangu Jumapili nakula naye, madamu kimya.

Jana Mama kapiga simu: ng'ombe kazaa vizuri, lakini hasimami. Daktari wa mifugo anataka pesa kwanza, na mshahara hauingii mpaka tarehe 5. Aliye karibu na Wundanyi anayeweza kunikopesha aniandikie leo.