Kumbukumbu ya mradi: pedali ya sintesaiza yangu ya piano, wiki ya sita

Leo pedali ya kulia, ile inayoacha mlio uendelee baada ya vidole kuinuka, imekubali kwenye programu yangu ya kuiga piano, na nimepiga mpaka vidole vikachoka. Imekula muda kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu hii, hata kupanga sampuli (rekodi za noti moja moja za piano), kwa hiyo naandika njia niliyopita kabla haijanitoka kichwani.

Mwanzoni niliiona kazi ndogo. MIDI, lugha ya ujumbe kati ya vyombo vya muziki vya kielektroniki na kompyuta, huipa pedali hiyo kidhibiti namba 64, chenye thamani za 0 hadi 127. Kanuni ya kawaida ni kwamba 63 kushuka chini imeachiwa, 64 kwenda juu imekanyagwa. Kodi yangu ya kwanza ilikuwa mistari michache: kidole kikiinuka huku pedali imekanyagwa, noti inawekwa kwenye orodha ya kungoja, pedali ikiachiwa, noti zote za kwenye orodha zinaanza kufifia. Kwa nyimbo nyepesi hiyo inatosha.

Ilianza kuvuja nilipopiga kitufe kimoja mara nyingi pedali ikiwa chini. Kila pigo lilizaa sauti mpya, sampuli ileile ikijirundika juu ya nyingine, mpaka mlio ukawa mkubwa na wenye ukali wa bati. Nilikuwa nimeweka kikomo cha sauti 64 kwa pamoja. Kikomo kilipofika, programu ilinyang'anya sauti kongwe kuliko zote, na mara nyingi hiyo ndiyo besi iliyopigwa mwanzo na inayobeba chodi nzima, yaani noti zote zinazolia pamoja. Wimbo ukabaki hauna sakafu. Kwenye piano halisi mrundikano huo haupo, maana nyundo inarudi kwenye nyuzi zilezile ambazo bado zinatetema. FluidSynth, sintesaiza nyingine ya programu ambayo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma, huiacha sauti ya zamani ianze kufifia pindi noti mpya inapokuja kwenye kitufe kilekile na chaneli ileile. Nikafuata njia hiyo, ila nikafanya ufifiaji uwe mfupi sana ili pigo jipya liufunike.

Tatizo lililonilazimisha kubomoa kila kitu lilikuwa jingine. Piga chodi, inua vidole, halafu kanyaga pedali haraka kabla mlio haujakatika kabisa. Piano halisi inadaka mabaki ya ule mlio na kuyaacha yaendelee, membamba na matamu. Sintesaiza yangu haikudaka chochote. Noti ikishaanza kufifia ilikuwa imeondoka. Nikaongeza hali ya kuifufua noti, kisha hali ya kuzuia ufufuo, kisha nyingine tena, na kila kiraka kilitoboa mahali pengine.

Nikaacha kodi, nikakaa na mchoro wa mashine ya ndani ya piano. Humo hakuna kitu kinachoitwa noti inayongoja. Kuna dampa, vile vipande vilivyovikwa felti vinavyokaa juu ya nyuzi ili vizizime. Kitufe kikibonyezwa kinainua dampa yake peke yake. Pedali ya kulia inainua dampa zote kwa mpigo. Uzi wenyewe haujui nani ameinua. Unachojua ni kama felti inaugusa au haiugusi, na kwa uzito gani.

Basi nimeandika upya kwa msingi huo. Kila kitufe kina dampa yenye kimo kati ya 0 na 1, na kimo hicho ni kile kikubwa zaidi kati ya vitatu: kitufe kilipo, pedali ya kulia ilipo, na mshiko wa pedali ya kati. Sauti inapungua kwa kasi inayotokana na kimo hicho kila wakati. Lile tukio la "noti imeachiwa" limefutika kabisa kwenye injini. Kudaka mabaki kukaja bure, bila mstari hata mmoja wa ziada! Hata kero ya faili zenye noti kuachiwa na pedali kukanyagwa kwa wakati uleule imeisha. Zamani, kama kuachiwa kulisomwa kwanza, noti ilikufa. Sasa dampa inashuka kwa muda sifuri na haizimi kitu.

Nusu pedali nayo imekuja kwa njia hiyohiyo. Felti ikigusa kidogo tu, nyuzi nyembamba za juu hunyamaza mapema huku nyuzi nene za besi zikiendelea kuguruma, kwa hiyo kasi ya kuzima nimeipanga kwa kila kitufe. Vitufe vya juu kabisa nimevinyima dampa, kwa sababu kwenye piano halisi havina. Nyuzi zake ni fupi na mlio wake huisha wenyewe. Pedali ya swichi hutuma 0 na 127 tu, hivyo nusu inahitaji pedali inayotuma thamani za katikati. Yangu hutetereka kati ya 0 na 3 hata isipoguswa, ikabidi niweke eneo lisilosikia kitu. Mwanzo wa mwendo pia nimeulegeza, kwa kuwa mguu hushuka kidogo kabla dampa hazijaanza kunyanyuka.

Pedali ya kati, kidhibiti 66, hushika dampa zile tu zilizokuwa juu wakati inakanyagwa. Kodi ya zamani iliangalia vitufe vilivyobonyezwa. Sasa inaangalia dampa, na hivyo pedali ya kulia ikitangulia, ya kati inashika zote, sawasawa na mashine. Ya kushoto, 67, nimeigusa juu juu: inasomwa wakati wa pigo tu na kulainisha rangi ya sauti. Kwenye piano kubwa husogeza nyundo pembeni zipige nyuzi mbili badala ya tatu, na hilo linastahili sampuli zake.

Kazi iliyobaki ni mwitiko wa nyuzi zisizopigwa. Dampa zikiwa juu, uzi mmoja ukipigwa hutikisa jamaa zake, na ndiyo sababu pedali hupanua sauti badala ya kuirefusha tu. Nina vitetemeshi vichache vya kuiga nyuzi hizo, vinavyofunguka kwa kimo cha dampa. Jaribio langu ni kubonyeza Do ya chini polepole bila kuiliza, kisha kupiga kwa mkato Do ya oktava ya juu yake. Hapa MIDI ina mtego wake: kasi ya pigo ikiwa 0 kwenye ujumbe wa kuwasha noti maana yake ni kuizima, kwa hiyo mbonyezo wa kimya kabisa hauandikiki. Nimeamua kasi ya 1 na 2 ziinue dampa bila kupiga nyundo.

Usiku huu nilifanya jaribio hilo kwa spika za masikioni. Noti ya juu ilikatika, na ndani ya uzi wa chini, ambao sikuupiga, ikabaki ikiimba kwa mbali. Nikainua kidole, ikanyamaza.