Colloredo wa Salzburg: askofu aliyeiwekea Misa kipimo cha saa

Likitajwa jina la Hieronymus Colloredo, wengi hukumbuka teke alilopigwa Mozart, mtunzi wa muziki aliyekuwa mwajiriwa wake. Teke lile lilitoka kwa Karl Arco, ofisa wa ikulu ya askofu, mjini Vienna, Juni 1781. Colloredo mwenyewe alitawala Salzburg, iliyo Austria ya leo, miaka 31, na inasikitisha kuona utawala wote ule ukifunikwa na ugomvi wa mwajiri na mwanamuziki wake.

Askofu mkuu wa Salzburg alivaa kofia mbili. Alichunga jimbo kuu, na wakati huohuo alikuwa mkuu wa nchi ndani ya Dola Takatifu ya Kirumi, yaani muungano wa nchi nyingi za Ulaya ya Kati chini ya Kaisari, mwenye kodi zake, mahakama zake, askari wake na chumvi ya migodi ya Hallein iliyoijaza hazina. Kiti hicho hakirithiwi. Makanoni, yaani wajumbe wa baraza la kanisa kuu, watu wa koo za kibwana, walipiga kura; kisha mteule alihitaji uthibitisho wa Papa kwa mambo ya kiroho na wa Kaisari kwa mamlaka ya dunia. Colloredo alizaliwa Vienna mwaka 1732, akawa askofu wa Gurk mwaka 1761, na akachaguliwa Salzburg tarehe 14 Machi 1772, baada ya kura kurudiwa mara kadhaa. Baba yake alikuwa makamu wa chansela wa Dola, kwa hiyo wenyeji wengi walimwona kama mtu aliyeletwa na Vienna. Akakuta madeni, akaanza kubana matumizi.

Kubana huko kulifika hadi altareni. Katika barua ya Septemba 1776 kwa Padre Martini wa Bologna, mwalimu mashuhuri wa muziki, Mozart anaeleza kwamba Misa nzima, hata ile kubwa kabisa inayoadhimishwa na askofu mwenyewe, isizidi robo tatu za saa. Ndani ya dakika hizo 45 ziingie Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, sonata (kipande cha muziki wa ala) ya baada ya Somo, wimbo wa vipaji, Mtakatifu na Mwanakondoo, tena kwa tarumbeta na ngoma! Mtunzi alipunguza wapi? Utukufu na Nasadiki ndizo zenye maneno mengi. Basi aliacha kurudiarudia mistari, akafupisha fuga (vipande ambamo sauti hufuatana zikirudia wazo moja la muziki) zilizozoeleka mwishoni, na pengine sauti ya kwanza iliimba mstari mmoja huku ya tatu ikiimba mwingine kwa wakati uleule. Dakika ziliokolewa, ila msikilizaji hakuyapata maneno. Kwa askofu aliyetaka waumini waielewe ibada, hiyo ilikuwa hasara. Mwaka 1783 sonata yenyewe iliondolewa, na Michael Haydn, mtunzi mwingine wa ikulu, akapewa kazi ya kutunga nyimbo za kwaya za kujaza nafasi ile kati ya Somo na Injili.

Moyo wa utawala wake uko katika waraka wa kichungaji wa tarehe 29 Juni 1782, uliotolewa kwa jubilei ya miaka 1200 ya jimbo. Aliagiza mapambo ya kupita kiasi yapungue makanisani, maandamano na hija zipunguzwe, watu wasome Biblia, na waumini waimbe kwa Kijerumani. Kwangu mimi ni waraka wenye hoja nzito, nao ulisomwa mbali nje ya Salzburg. Ulikwama kwa wakulima wa milimani. Kwao hija ndiyo ilikuwa njia ya kuombea mvua, mifugo na wagonjwa; amri iliwanyang'anya kitu walichokishika mkononi, ikawapa kitabu cha nyimbo wasichokizoea. Colloredo alikuwa mkali na mkavu wa maneno, naye alitegemea amri mahali palipohitaji paroko mvumilivu wa kufundisha miaka mingi.

Jeshi la Ufaransa lilipokaribia, alikimbia mji tarehe 10 Desemba 1800. Tarehe 11 Februari 1803 alijiuzulu utawala wa nchi, na Salzburg ikapewa Ferdinand, mtawala aliyepoteza Toscana huko Italia. Colloredo alibaki askofu mkuu kwa mambo ya kiroho, akiishi Vienna, hadi alipofariki tarehe 20 Mei 1812. Alizikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Stefano mjini humo, na mwaka 2003 mabaki yake yakarudishwa Salzburg.