Kompyuta ilikwama kwenye grub rescue, nikaiwasha bila kufuta faili hata moja

Kila fundi niliyemuuliza hapa Mwanza alinijibu hivyohivyo: piga Windows upya. Jamani, acheni! Kompyuta ya stesheneri ya shangazi, Kirumba, ina hesabu za wateja wake wote. Fundi mmoja alifuta sehemu ya diski ili kuiongezea Windows nafasi, akalipwa, akaondoka. Kompyuta hiyo ina Windows na Linux pamoja, na GRUB ndiyo programu ndogo inayoziwasha. Kuwasha tena, kioo cheusi: `grub rescue>`.

Data zilikuwepo zote. Kompyuta inapowaka, programu zinapokezana kijiti. BIOS, programu ya kwanza kabisa kuamka, inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, inaiweka kwenye kumbukumbu kwenye anwani 0x7C00, na ikikuta baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, inaiachia kazi yote. Humo msimbo unapata baiti 446 tu, maana 64 ni za jedwali la sehemu za diski. GRUB haienei hapo, kwa hiyo kipande hicho kinapakia kingine kikubwa zaidi, nacho kinafuata moduli zake, yaani vipande vingine vya GRUB, kwenye sehemu ya Linux. Linux ilikuwa sehemu ya 6. Ya 5 ilipofutwa, ya 6 ikageuka kuwa ya 5, na GRUB ikabaki inatafuta sehemu isiyokuwepo.

Kwanza nilijaribu `chainloader +1` ili niikabidhi Windows moja kwa moja. Ikagoma, haiijui amri hiyo. Hapo una nne tu: `ls`, `set`, `unset` na `insmod`. Basi nikapiga `ls`, nikaanza kuzihoji sehemu moja baada ya nyingine. Hii haisomeki, ile haisomeki, mpaka `ls (hd0,msdos5)/boot/grub`, yaani diski ya kwanza, sehemu ya 5, ikamwaga majina ya mafaili. Nilipiga kelele dukani! Nikaandika, kuionyesha GRUB moduli zake zilipo:

`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Menyu ya kuchagua Linux au Windows ikatokea. Shangazi akauliza, "Mwanangu, madeni ya watu yapo?" Yapo, shangazi, yote.

Ukishaingia Linux usizime kabla ya `sudo grub-install /dev/sda` na `sudo update-grub`, la sivyo kesho unarudi palepale. Mashine za UEFI, mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS, hazifuati njia hii ya sekta, zenyewe zinapakia faili la .efi.

Na Windows? Ukiichagua kwenye menyu, GRUB inaweka sekta ya kwanza ya sehemu ya Windows palepale 0x7C00 na kuirukia, nayo inaanza kazi kana kwamba imeitwa na BIOS yenyewe.